Mama Hakuwa Amenuna

Mama alipoacha kuitikia salamu, ukoo mzima tuliamua kwamba amenuna. Mume wangu alimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akatazama pembeni. Kwetu Wasukuma, mama mkwe kumnyima mkwewe marahaba si jambo dogo. Tukaitisha kikao nyumbani kwake Busisi, na mume wangu akaleta mbuzi wa kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Mama akasinzia mbele ya wazee.

Siku aliyotoka nje na ndala mguu mmoja, kisha kijiko kikamponyoka mkononi, nikasema basi, hii si hasira. Tukavuka daraja la ziwani asubuhi ileile kwenda hospitali mjini. Njia nzima nilikuwa na hofu moja: kwamba mama yangu hatarudi tena akilini.

Daktari akauliza kama aliwahi kugonga kichwa. Nikakataa kwa kujiamini, kisha nikakumbuka boriti ya banda la kuku, wakati wa mavuno. Tulimcheka sana, na yeye mwenyewe alicheka. Daktari akaagiza CT scan.

Mtaalamu wa picha alikuwa kijana mpole. Akaniita kwenye skrini na kunieleza kwamba eksirei ingeonyesha mfupa tu, lakini mashine hii inakipitia kichwa kipande kwa kipande, toka utosini hadi shingoni. Jamani! Nilielewa hapohapo. Nimekata michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kuanika, tangu utotoni, na najua kiazi kinaweza kung'aa kwa nje, ukikikata ndipo unamkuta funza. Akasogeza picha moja baada ya nyingine, na kwa macho yangu nikaona, kati ya fuvu na ubongo, kitu kama mwezi mwandamo. Ilikuwa damu iliyovuja polepole na kuusukuma ubongo pembeni.

Daktari alipoiona, nikamrukia na swali.

"Inatoka hiyo?"

"Inatoka, dada. Tutatoboa tundu dogo, tuinyonye."

Nusura nipige vigelegele mle ndani.

Kesho yake baada ya upasuaji, mume wangu alisimama mlangoni mwa wodi, akiogopa kuingia. Mama, bandeji kichwani, akamkagua juu hadi chini.

"Baba, mbona umekonda hivyo? Huyu mwanangu hakupikii?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Machozi yakanitoka.

"Endelea, mama," nikamwambia. "Endelea kunisema."