Nilivyootesha komwe kongwe za bao la Ami yangu hapa Muscat

Salaam aleikum wakuu wa bustani.

Naona vijana mnaulizana humu kama mbegu iliyokaa miaka mingi inaweza kuota. Wengine najua mbegu gani mnaulizia, mnajifanya mnauliza nyanya. Hizo zenu mimi simo. Ila mbegu kongwe kuota nimekuona kwa macho yangu, na hapa nnasema yaliyotokea, sikuongeza kitu.

Skuli sikufika mbali, kwa hiyo nikikosea herufi someni maana.

Basi, miaka ya tisini tulikuwa tunakaa Ruwi, fleti ya juu kabisa, lifti siku nyingi mbovu. Nilikuwa naendesha pikapu ya kiwanda kimoja kule Rusayl. Tulikuwa mimi, mke wangu, watoto, na Ami Nassor, mdogo wake baba yangu.

Ami alitoka Unguja miaka ya sabini na sanduku moja. Ndani ya sanduku, nguo kidogo, na bao lake na komwe sitini na nne. Watu walikuja na dhahabu, yeye kaja na bao.

Kwa wasiojua, komwe ndizo kete tunazochezea bao. Ni mbegu za mti wa miba wa pwani, rangi ya kijivu, ngumu kama jiwe, zinang'aa kwa kushikwa. Tumezishika mpaka tumesahau kuwa ni mbegu.

Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa anakuja Bwana Hilali, mzee mwenzake, mzaliwa wa Tabora. Watacheza mpaka Magharibi, wanatukanana kwa raha zao.

"Cheza wewe mtu wa bara, hapa si shamba la tumbaku!"

"Ngoja, nakutafutia kaburi, mla urojo wewe!"

Siku nyengine Ami hasemi maneno ya kujaza kikombe. Ijumaa ndiyo siku yake.

Miaka ya elfu mbili tukajenga Amerat, huko nyuma ya milima. Kuhama mnakujua. Watoto wangu walilifungua kopo la komwe juu ya pikapu wakazifanya gololi, njia nzima zinawaruka. Ami alipozihesabu, zimebaki hamsini na nane.

Bao halichezeki na upungufu, wakuu. Ni kama sahani ya biriani bila wali.

Walijaribu gololi, zinaruka nje ya mashimo. Wakajaribu kokwa za tende, Ami akasema hazina uzito, mkono unadanganyika. Wakajaribu lozi. Bwana Hilali akazila mbili, na si kula kwa mchezo, kula kwa mdomo! Ami akakasirika, bao likafunikwa.

Ijumaa iliyofuata Hilali alikuja, akanywa kahawa, akatazama saa. Mlangoni akanambia:

"Mwanangu, nivuke milima yote hii kwa kahawa? Kahawa hata Ruwi ipo."

Hapo moyo ukanishuka. Huyu akikata mguu, Ami wangu atabaki anatazama ukuta.

Mtasema, si ungeagizia kwenu? Niliagizia! Mpwa wangu alikuwa Dar es Salaam, anajitayarisha kuja kututembelea. Nikampigia, simu inakwaruza, nnapiga kelele mtaa mzima unanisikia:

"Niletee kete! Sita tu! Zitie mfukoni!"

Akashusha sauti:

"Mjomba, umeanza lini mambo hayo? Na unayasema kwenye simu?"

Akakata. Wallahi sikujua kama huko kwao kete ndiyo jina la vile vifurushi vya unga na bangi. Alikuja na maembe, na kila nikimtazama anakwepa macho. Kumbe kijana ananiombea dua kimyakimya. Tulielewana siku anaondoka, tukacheka mpaka uwanja wa ndege, lakini ndege ilikuwa inakwenda upande mwengine.

Ndipo nikajiuliza, komwe si mbegu? Si zipandwe tu?

Nikamuomba Ami anipe chache. Akanitazama kama nimemuomba meno yake.

"Unataka kunizikia na hizi zilizobaki?"

"Ami, hizo zilizobaki zenyewe hazichezeki."

Akafungua kopo, akazigeuza moja moja. Mwisho akanipa tatu, kachagua zile zenye sura mbaya.

Nikazipanda kando ya ukuta, kila asubuhi namwagilia kabla ya kwenda Rusayl. Nimengoja weee. Nilipofukua, komwe zimetoka kama zilivyoingia, tena safi zaidi, kama zimetoka hamamu. Nikazimwagia maji ya moto. Wapi! Nikaziacha ndani ya mkebe wa maji, nimechoka.

Mke wangu akapita: "Leo tunakula supu ya mawe?"

Ami akasema, "Zimekufa hizo. Miaka thelathini mkononi mwa watu."

Ijumaa Bwana Hilali akaja, na kabla hajakaa vizuri akasema, "Wiki ijayo msiningoje." Ami akainuka. Akatia mkono ndani ya mkebe wangu, akatoa komwe moja, akaifuta kwa kanzu, akaanza kuisugua kwenye saruji. Haraka haraka, kwa nguvu.

Mtoto yeyote wa pwani anajua kinachofuata. Mtu wa Tabora hajui.

"Hilali, nipe mkono wako, nikuoneshe kitu."

Akampa! Ami akambandika komwe ya moto juu ya mkono.

"Ya Allah! Umenichoma, Nassor! Mzee mzima!"

"Hiyo ndiyo skuli yetu. Wewe siku ile hukuja darasani."

Ami alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Sijamsikia kucheka vile tangu Ruwi. Hilali anatukana, anacheka, anapuliza mkono. Ile komwe ikarudishwa mkebeni, ubavu mmoja umekwanguka, weupe unaonekana.

Kesho yake nakwenda kumwaga yale maji. Komwe mbili zipo vilevile. Ile ya tatu imevimba imekuwa kubwa kama yai la njiwa.

Nikapiga kelele, Ami akaja mbio na kiatu kimoja. Akaitazama, akaigeuza.

"Kumbe ilikuwa na kiu tu," akasema. "Mlango ndio ulikuwa umefungwa."

Nikampigia Hilali. Mtu aliyesema tusimngoje alifika siku ileile, kabla ya Ijumaa, anadai mkono wake ndio uliogundua dawa. Wakakaa chini wazee wawili, kila mmoja anasugua komwe yake, wanagombana nani anasugua vibaya.

Zote tatu ziliota. Sitasahau ule mchipukizi wa kwanza, mnene, umeinama kama mtu anayetoka chini ya chandarua.

Hilali hakukosa Ijumaa hata moja. Anakuja "kukagua mti". Mti wenyewe mkorofi, miba kila pahala, umenichania kanzu mbili, na mbuzi wa jirani aliingia mara moja tu, hakurudi tena. Mwaka wa pili ukatoa maua ya manjano, kisha maganda yenye miba kama nungunungu wadogo. Tukafungua la kwanza, ndani mna komwe mbili zimelala, za kijivu, mpya kabisa. Ami akazitia kiganjani, akazitikisa karibu na sikio.

"Zinalia," akasema.

Siku bao lilipotimia tulipika pilau. Wakacheza, na Hilali akashinda.

Ami akasema, "Komwe hizi zimezaliwa Amerat, bado hazijanijua."

"Mimi zinanijua," akajibu Hilali. "Si ndimi niliyeungua?"

Wakapanga upya.

Funzo langu ni hili, wakuu. Mbegu yenye ganda gumu usiitangazie msiba kwa sababu haikunywa maji. Isugue upande mmoja mpaka uone weupe, usifike moyoni, kisha iloweke usiku mmoja. Ikivimba, ipande. Isipovimba, isugue tena.

Mwenye njia nyengine aiseme, nami nijifunze. Na nyinyi mliochomwa komwe utotoni, jitokezeni hapa chini mumtaje aliyekuchomeni, huenda naye yumo humu anasoma.