Fundi wa Hewa Kavu

Fundi aliyetufungia mashine ya kukausha unyevu wa nyumba hapa Dunga hakuwa mtu wa maneno. Kabla ya kutoboa ukuta aliuwekea kiganja na kutulia, kama anayepima homa ya mtoto. Vidole vyake vilikuwa vimekwaruzwa na mabati, lakini kila bomba la hewa alilisukuma darini polepole, vumbi lisimwangukie mama mkwe wangu, ambaye kwa sababu ya pumu alikuwa akilala ameketi tangu mvua zianze. Adhuhuri kazi iliisha, mashine ikaanza kunguruma. Nilidhani ataondoka. Akazima simu yake, akakaa sakafuni mlangoni pa chumba cha mgonjwa.

"Mama, unapumua aje sasa?"

"Bado, baba."

"Ni sawa. Niko."

Aliuliza tena na tena, kwa sauti ile ile ya chini, huku maji yaliyotolewa hewani yakidondoka ndooni. Saa kumi hivi Mama aliondoa mito mmoja mmoja, akalala chali, akafumba macho. Fundi alisubiri hadi pumzi yake ikatulia. Kisha akabeba viatu mkononi, akatoka bila kuniaga.