Kopo la Wifi

Mtaani walimwita Fundi Picha, na kazi yake ilikuwa kuwasafisha watu nyuso bila maji wala sabuni. Mteja akishapigwa picha, Fundi anakaa kwenye kompyuta, mezani pake dirishani, anafuta chunusi, anafuta makovu, na mtu anaondoka anajipenda. Uso uliomshinda ni mmoja tu, nao ni wake mwenyewe. Alipobeba mimba ya binti yake, madoa ya kahawia yalimtanda mashavuni, la kushoto likizidi, na mtoto sasa anakimbia na kuuliza maswali lakini madoa bado yapo. Kwa aibu hiyo, yeye anayepiga picha watoto wa watu hakuwa na hata picha moja akiwa na mtoto wake.

Hilo angelivumilia kama si wifi. Huyu dada wa mumewe alikuwa mpima viwanja, aliyehamia chumba cha pili katika ua wao baada ya mume wake mwenyewe kupata kazi ya mbali, ya kurudi mwisho wa wiki tu. Anashinda juani akivuta kamba na kupigilia vigingi, kisha jioni anarudi na uso laini kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Na anakula vya kukaanga huyo, anashushia na soda! Fundi aliacha sukari, akatafuna karoti mpaka taya zikamuuma, na madoa hayakumwonea huruma. Sasa hapo moyo usiume? Ulimuuma akipika, ukamuuma akifua, na siku mumewe aliposema, "Dada yangu huyu hazeeki," nusura ammwagie mchuzi.

Akaanza kupeleleza. Ile kofia pana ya wifi na yale mashati yake ya mikono mirefu aliyapuuza, akayaita maringo. Kilichomvutia ni kopo dogo lisilo na maandishi. Wifi hutoka nalo mkobani asubuhi, na akirudi jioni huliweka kwenye meza ya vipodozi, kisha huenda kuoga. Kumbe siri ni hiyo, na mchoyo hasemi! Basi kila jioni Fundi akawa anajitia kumfuata mtoto, maana mtoto naye habanduki kwa shangazi yake, na hilo pia lilimchoma. Akiingia, anachota krimu kidogo, anakimbilia kwake kujipaka, analala nayo. Asubuhi ananawa uso vizuri na kwenda kukaa dirishani pake.

Mwezi ukapita, madoa yako palepale. Fundi akaongeza kipimo. Ndipo jioni moja wifi aliporudi ghafla kuchukua taulo, akamkuta vidole vimezama koponi.

"Wifi! Hiyo unajipaka saa hizi?"

Fundi alitamani ardhi immeze, akaamua kujibu kwa ukali. "Kwani saa yake ipi? Na mbona unaificha?"

"Naificha wapi? Chupa yake haiingii mkobani, nikahamishia humo. Nilipoona inapungua nikadhani mtoto anachezea." Wifi akaanza kucheka. "Hiyo ni ya kukinga jua. Huko kitandani kwenu kuna jua?"

"Hata mchana jua nalipatia wapi mimi? Nashinda ndani."

Wifi akamshika kidevu, akamgeuza polepole. "Dirisha lako liko upande gani?"

Kushoto. Fundi akajishika shavu la upande huohuo.

"Kioo cha dirisha hakizuii miale yote ya jua. Mimba inaleta homoni, homoni zinachochea rangi ya ngozi, jua linamalizia. Karoti kula, ni nzuri, ila haziwezi kuziba dirisha. Daktari wa ngozi ndiye aliyenieleza."

"Na ngozi hiyo, kwa daktari wa ngozi ulifuata nini?"

Wifi akaketi kitandani. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Nameza dawa za homoni, wifi. Natafuta mtoto, mwaka wa nne huu. Wakaniambia zinaweza kuniletea madoa kama yako, nijikinge. Najikinga kwa kuwa nimeambiwa. Lakini nikikuona na huyu mtoto, wivu unanila. Hayo madoa ningeyachukua yote leo, mradi yaje na mtoto."

Masikio ya Fundi yaliwaka kwa haya. Akarudisha kifuniko cha kopo, akaketi kando yake.

Wiki hiyo alihamisha meza kutoka dirishani, na asubuhi wifi mwenyewe akampaka. Kisha Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja, mtoto mapajani, wifi akapiga picha. Ilipofunguka kwenye kompyuta, mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe kwenye shavu la kushoto, kufuta. Akaurudisha. Akachapisha mbili.

Moja ikatundikwa sebuleni, ya pili wifi akaiomba. Jioni Fundi alipomfuata mtoto, aliikuta imesimamishwa kwenye meza ya vipodozi, karibu na kopo, na mtoto amelala mapajani mwa shangazi yake. Fundi alisimama mlangoni kidogo. Moyo ulimuuma bado. Akamwacha mtoto alale hukohuko.