Nilimwekea mjukuu wangu sharti la Makka ndio nimposee mchumba, akanitumia picha ya Makka ya Amerika

Wakuu, asalaam aleikum, nyie na wadogo wenu mlionao majumbani.

Mie ni kizee wa Ibra, hapa Omani, mzaliwa wa Unguja mjini. Skuli sikuingia, niliipita mlangoni nikenda zangu sokoni. Nasema, simu inaandika. Mkiona neno limekaa upande, hiyo ni simu, mie nimelisema sawa.

Nnayoyasimulia yamenifika mwenyewe, sikuyaazima kwa mtu. Tena ningekuwa natunga ningejitungia nitoke mzuri. Humu sikutoka mzuri hata pahala pamoja.

Kwanza mjue maradhi yangu. Mie naigiza watu.

Mtu akisema mbele yangu, sauti yake inanikaa kooni kama mwiba wa samaki, haitoki mpaka niitoe mbele za watu. Daktari wa Kihindi wa hapa mtaani namwigiza. Imamu namwigiza, Mungu anisamehe. Marehemu mume wangu nilikuwa namwigiza mwenyewe yupo, anacheka mpaka anafuta macho, halafu ananuna siku nzima.

Sasa tuingie.

Nina mjukuu, Khalfan, mtoto wa mwanangu Hamed. Nimemlea mimi. Kijana mpole, kazi yake mambo ya mitende. Alisoma chuo Nizwa, huko akaonana na binti anaitwa Rahma, kwao Izki.

Siku moja kaja kanikalia miguuni. "Bibi, nataka ukanitakie Rahma kwao."

Kwetu wanaume hawendi kuposa mpaka mwanamke mkubwa wa nyumba atangulie kuuliza. Nyumba yetu mkubwa ni mimi. Nisipokwenda mimi, hakuna anayekwenda.

Na mie sikutaka.

Hao kina Rahma ni Waomani kama sisi, ila wao walitokea bara, Tabora huko. Sisi wa Unguja tukikaa na kahawa yetu tunajiona Kiswahili tumekizaa wenyewe, tumekinyonyesha. Bibi yake Rahma, Bi Moza, nilimsikia harusini Nizwa: "Yaani mimi leo nimechoka kweli kweli, ngoja nikae hapa nipumzike kidogo, jamani!"

Basi ile jamani ikanikaa. N'karudi nyumbani, n'kajirekodi namwigiza, n'kaitia kwenye grupu la wanawake wa ukoo. Watu walicheka kutoka Sur mpaka Maskati.

Leo Khalfan anataka nikaichukue ile jamani niilete nyumbani kwangu iwe ukwe!

Sikuweza kumwambia sitaki, kwa sababu angeniuliza kwa nini, na hiyo kwa nini sina.

Sasa sikilizeni ujanja wa kizee.

Wiki ile Khalfan alikuwa anafunga mizigo kwenda Amerika. Kazini wanampeleka akasome mitende. Mtu wa Ibra anapelekwa Amerika kusomeshwa mtende! Mchukueni na Mpemba basi, mpelekeni Ulaya akasomeshwe karafuu. Lakini safari ile ikanifaa mie. Tena nilijua kila mwaka baba yake akimwambia twende Umra, Khalfan ana kazi.

Siku ya kahawa, wanawake wote wa mtaani wamekaa, Khalfan naye kaja kutuaga, n'kapaza sauti:

"Wallahi, siku Khalfan atakayosimama Makka, mie navaa buibui yangu nakwenda Izki kumposea. Kabla ya hapo mguu wangu hautoki!"

Wanawake wakaitikia mashallah, bibi anamtakia mjukuu wake kheri.

Mie kimoyomoyo nahesabu. Mpaka arudi kutoka Amerika, mpaka apate ruhusa kazini, mpaka aende Umra, Rahma kesha kuwa mama wa watu.

Khalfan akanitazama tu. Akanibusu kichwa, akaondoka.

Ikapita miezi. Usiku mmoja baada ya isha, kule kwao ndio asubuhi, simu inalia. Picha.

Khalfan kasimama kando ya barabara, kavaa kofia yake ya Kiomani na suruali, jua kali, nyuma yake mitende safu kwa safu. Juu ya kichwa chake kibao cha kijani kina maandishi.

Herufi mie sizijui, n'kampelekea jirani yangu Sharifa. Sharifa kasoma kidogo, na kwa hicho kidogo anasema kama yuko juu ya mimbari, polepole, kwa puani.

"Bi Zuhra. Hapa. Pameandikwa. Makka."

"Makka gani! Kaaba iko wapi?"

"Sijui. Mie nimesoma kibao."

N'kampigia Khalfan. "Wee mtoto, uko wapi?"

"Makka, Bibi." Ile sauti yake ya chini, haina hata kicheko. "California. Mji unaitwa Makka. Muulize yeyote hapa."

"Mji wa Makka uko Amerika?"

"Huku wamejipa majina yote, Bibi. Kuna Madina. Kuna Cairo. Lebanon zimejaa, ukitoka hii unaingia nyengine. Bagdad ipo, Palestina ipo. Hapa ni jangwa na mitende, basi wakasema na paitwe Makka."

"Na hao watu wa Makka wanaswali wapi?"

"Bibi, nilipo mimi pana kituo cha petroli na duka la tende."

Halafu akasema: "Nimeendesha gari tangu alfajiri kuja kusimama hapa. Nimeshasimama."

Wakuu, nilikata simu. Nilicheka, wallahi, nilicheka peke yangu mpaka kikohozi kikanishika. N'kasema mtoto ananichezea, na mie ndie niliyemfundisha mchezo.

Lakini kesho yake jioni kwenye kahawa sikukuta mtu anayecheka. Sharifa kesha waambia wote.

Mmoja akasema, "Kaapa mbele yetu, aende."

Mwengine akasema, "Makka ya tende na petroli siyo Makka, hana deni."

Mwengine, huyo ana sauti ya kitoto na ana wajukuu, akasema, "Alisema asimame Makka, hakusema asimame afanye nini."

N'kaona kesi inaniendea vibaya. N'kamkimbilia Sharifa, kwa sababu yeye ndiye anayetusomea darsa. N'kamwambia, "Hebu waambie shoga yangu, kiapo kinafuata nini?"

"Kiapo. Kinafuata. Nia."

"Ehee! Mmesikia? Nia!" N'kajiegemeza kwenye mto kama niliyeshinda kesi Maskati.

Sharifa akaweka kikombe chini. "Haya. Nia yako ilikuwa nini?"

"Nia yangu Makka ya Saudia, ile moja anayoijua kila mtu."

"Hapana, Zuhra," akasema, na mara hii hakusema kwa puani. "Kijana keshakata tikiti ya Amerika, wewe unamwambia Makka. Ulikusudia aende Makka, au ulikusudia asioe?"

N'kainua kikombe ninywe.

Kikombe kikanikaa mkononi. Mie nina sauti za watu wote kooni, siku ile natafuta ya kwangu nijibu, siioni.

Magharibi ikaja voisi ya Khalfan. Fupi.

"Bibi, Ijumaa wanakuja watu wa Sur kumposa Rahma. Baba yake anawataka. Rahma anasema akishapokea wageni wale hatoweza tena kukataa. Mie najua ile Makka siyo. Nimekwenda kwa sababu hukuniachia mlango mwengine. Kama hutaki, niambie sitaki, nitanyamaza, na radhi zako nnazihitaji vile vile."

Nilijaribu kuiigiza ile voisi. Ndio nnavyofanya nikitaka jambo linitoke. Nilifika "nitanyamaza" nikashindwa.

Alkhamisi asubuhi n'kavaa buibui, n'kamwambia Hamed atie gari moto.

Njia nzima Hamed anaendesha, na mie najifunza maneno: tumekuja kwa kheri, tumesikia mna binti, na kadhalika. Tulipofika Izki pale bustanini, maji ya falaj, mfereji wa mashamba, yanapita chini ya ukuta, maneno yote yakenda na maji.

Hamed akaingia kwa wanaume. Mie nikaongozwa ndani kwa Bi Moza.

Kakaa kwenye godoro lake, mnene, kanga begani, mkufu shingoni. Kanitazama. Namtazama.

Hapa wakuu pana jambo, na nyie vijana wa siku hizi mnaopungiana mikono hamlijui. Mdogo ndie anayetoa shikamoo, mkubwa ndie anayeitikia. Sasa nani mkubwa? Wazee wa Omani pasi zetu zote zimeandikwa tarehe moja mwezi wa kwanza, hakuna aliyejua siku yake. Na mie sikumbuki lini mara ya mwisho nimempa mtu shikamoo. Wote niliokuwa nikiwapa wamekufa.

"Karibu," akasema.

"Nshakaribia," n'kasema.

Kahawa ikaja. Tende zikaja. Hakuna aliyemsalimia mwenziwe.

"Mimi nimeingia Omani hapa nina wajukuu," akasema, kama anazungumza na ukuta.

"Mie nimeingia na meno ya bandia," n'kasema. Uongo mtupu! Wakati ule nilikuwa navunja kungu kwa magego.

Akanitazama mdomo. Halafu akavuta pumzi, akakunja midomo, akasema:

"Lo! Yakhe, hebu njooni msikilize, huyu bibi wa bara anavyosema: nimechoka kweli kweliii, jamaniii!"

Wakuu!

Alikuwa ananiigiza mimi nnavyomwigiza yeye. Ile rekodi ilifika Izki zamani. Sauti yangu ile ile, kikohozi changu mwishoni, na kijicheko cha puani ambacho miaka yote hii sikujua kama ninacho. Jikoni nasikia masufuria yanaanguka, watu wanakufa kwa kucheka.

Na nisiseme uongo, aliniweza. Kaniweza kuliko mie nnavyomweza yeye.

Alipomaliza akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Haya. Nimesikia mjukuu wako amefika Makka. Baba yake Rahma amefurahi sana kusikia hivyo. Anasema kijana anayemjua Mungu."

Hapo palikuwa na njia nyeupe. Ningesema alhamdulillahi tu, neno moja, na mambo yamekwisha. Na simu ya Khalfan ingekuwa shahidi, picha ipo.

N'kasema, "Ni Makka ya Amerika. Pana mitende na petroli. Nilimuapia ile ya kweli nikijua hawezi kufika, ili asikufikieni nyie. Akatafuta ya uongo akaja nayo."

"Kwa nini asitufikie?"

"Kwa sababu ya jamani."

Nilidhani atanifukuza. Akageuza kikombe mkononi. "Kwa hiyo leo umekuja kwa kiapo."

"Kiapo kina kafara yake. Ningelisha masikini, nikakaa kwangu nimenyoosha miguu. Nimekuja kumuomba Rahma."

"Omba basi, nikusikie."

Akakaa vizuri, akaweka mikono magotini, akangoja.

N'kajua anachokingoja.

Naapa, buibui ilikuwa inanibana, na goti langu bovu, na jikoni wametega masikio. N'kaangalia chini. N'kafikiri Khalfan alivyosimama kwenye jua lile chini ya kibao.

"Shikamoo, Bi Moza."

Hakuitikia. Akamimina kahawa. Akainywa yote, taratibu. Akatikisa kikombe, maana yake imetosha, akakiweka.

"Marahaba," akasema. Halafu akapaza sauti mpaka kwa wanaume ikasikika: "Rahma! Njoo umsalimie bibi yako, jamani!"

Na mie, Mungu wangu, niliubana mdomo wangu kwa mkono usije ukairudia.

Baba yake aliambiwa habari ya Makka siku ile ile, na mamake mwenyewe, Bi Moza. Alinuna kidogo, akacheka zaidi. Watu wa Sur walipigiwa simu kwa adabu kuwa binti keshaombwa. Khalfan karudi, nikahi tumefanya, na sasa anazitazama tende zetu kama daktari anavyomtazama mgonjwa.

Somo langu mie ni hili. Ukiwa hutaki jambo, sema sitaki, uulizwe kwa nini, uone haya mapema, yaishe. Ukijificha nyuma ya Makka, watoto wa leo wana ramani kwenye simu.

Haya, tieni komenti. Mlioko Amerika, mji gani mmeukuta una jina la kwenu? Ila mtu akikuta Ibra huko asiniambie mbele ya Khalfan. Na modi usiufute uzi wangu, nimeusema wote nimesimama, na goti hili bovu.

Nakatisha, simu inalia. Ni Bi Moza, kila Ijumaa ananipigia saa hizi. Hapigi kunisalimia. Anapiga asalimiwe.