Bingwa wa Saratov na Mwenzake

Rimma Arkadyevna aliingia kwenye tenisi kwa sababu mama yake alikuwa mfagiaji wa uwanja wa michezo wa mji wa Saratov, na nyumbani hapakuwa na wa kumwangalia. Alikuwa na miaka minane. Kiangazi aliokota mipira; baridi ilipoingia, kiwanja kikamwagiwa maji yakaganda ili watu wateleze, naye akahamia ukumbini, akaupiga mpira ukutani mpaka mlinzi alipomtimua. Kocha Yefim Borisovich, mtu wa kununa, alimtazama wiki nzima, kisha akamwambia mama yake, "Huyu mtoto wako mkaidi kama nyumbu. Niachie."

Ukaidi huo ulimfikisha timu ya taifa. Kambini alipangiwa chumba na Inessa wa Omsk, msichana mrefu mwenye mdomo usiopumzika. Wakacheza upande mmoja, wakala sahani moja, na hata viatu walivaa saizi moja. Ndiyo maana walipokutana wao kwa wao kwenye fainali ya ubingwa wa nchi nzima, kule Tbilisi, pakazuka tatizo: viatu vizuri, vya kutoka ng'ambo, vilikuwa jozi moja tu. Wakarusha sarafu, Inessa akavipata. Rimma akaviziba vyake vilivyochanika kwa plasta, akaingia uwanjani, akachukua kombe.

"Viatu vyenyewe vimenihujumu!" Inessa alisema, huku analia na kucheka, akamkumbatia hadi pumzi ikambana.

Miaka minne baadaye bega la Rimma likagoma. Akarudi kwao, akaolewa na Gleb, dereva wa tramu, akafundisha watoto miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanja kile kile alichokifagia mama yake. Hakulalamika. Ila kila Mei, udongo mwekundu wa kiwanja ulipomwagiliwa kwa mara ya kwanza na harufu yake ikamfikia, aliwageuzia watoto mgongo, akajifanya anatafuta filimbi mfukoni.

Gleb alifariki. Kiangazi kilichopita Inessa akashuka kwenye treni, kichwa cheupe pe, amebeba mfuko wa mbegu za msonobari za kutafuna.

"Rimka! Mbona umekuwa mfupi hivyo?"

"Wewe ndiye hukomi kurefuka, mlingoti wee. Twende, supu inapoa."

Siku ya tatu wakaenda uwanjani, wakaazima raketi. Wakawekeana sharti: hakuna kukimbia, mpira ukienda mbali, uache uende zake. Wakarushiana polepole, kistaarabu kabisa, mpaka Inessa alipodondosha kimpira kifupi karibu na wavu, hila yake ya tangu usichana. Rimma akasahau nyonga yake mbovu, akasahau miaka sabini na mmoja, akakifuata mbio, akakirudisha hadi pembeni kabisa.

"Nje!" Inessa akapiga kelele.

"Macho yako ndiyo yako nje!"

Vijana wa kiwanja cha pili waliacha mchezo wao wakabaki wanacheka.

Jioni Rimma hakuweza hata kuvua soksi. Inessa akamvua, huku anasonya, kisha wakanywa chai kwa jamu ya cheri.

"Huko Omsk nani anakungoja?" Rimma akauliza.

"Paka. Naye keshahamia kwa jirani."

Sasa ni Oktoba na Inessa bado yupo. Analala kwenye kochi la sebuleni, na kila asubuhi wanagombana: mmoja anataka dirisha wazi, mwenzake anataka lifungwe.