Pamba Niliyomrudishia Baba

Nilikuwa karani katika ofisi ya ushirika Bariadi, na kazi ile niliipenda kijinga. Si kwa mshahara, maana haukuwa wa kujivunia. Kilichonishika ni siku moja tu.

Msimu ule walinitoa mezani wakanipeleka ghalani kukagua pamba kabla ya mizani. Safi huku, fifi, ile yenye madoa na takataka, kule. Ukichanganya, unarudi nayo nyumbani. Baba yangu akaja na mkokoteni wa ng'ombe kutoka kijijini kwetu Nkololo. Nikatia mkono katikati ya gunia, nikakuta fifi. Watu wanatazama, meneja kasimama mlangoni.

Baba akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mgongo unaniuma mwaka huu. Pokea tu."

"Rudi nayo, mzee, ukachambue."

Mzee! Baba yangu mzazi, nilimwita kama mkulima yeyote. Akageuza ng'ombe. Tangu siku hiyo hakuniita mama tena.

Jumatatu meneja alinisimamisha mbele ya wafanyakazi wote, akasema angepata watu kumi kama mimi, ofisi ingefika mbali. Wakapiga makofi. Niliishi kwa makofi yale miaka mingi. Wenzangu walitoroka saa nane kwenda mashambani kwao, mimi ndiye niliyefunga ofisi.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaweka mizani kando ya barabara, wakazoa safi, fifi na mchanga wake, gunia moja. Nani alikuwa wa kwanza kutukimbia akawafanyie kazi? Meneja. Nilimkuta kwenye mizani yao anacheka na madereva.

"Bosi, mbona siku hizi hamchagui?"

"Aa, dada, biashara ni haraka. Kwani wewe ulikuwa idara gani vile?"

Nililia njia nzima, na sikujali nani ananiona.

Ofisi ilipofungwa nilikwenda Nkololo kumwomba baba radhi. Ilikuwa asubuhi. Nilimkuta uani, mgongo umepinda, anachambua pamba konzi kwa konzi, safi huku, fifi kule.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka."

"Baba, siku hizi hakuna anayechagua. Wanachukua yote."

"Najua."

"Sasa unajitesa kwa nini?"

Hakuinua uso. Alilivuta gunia la safi mpaka miguuni pangu, akalifungua mdomo.

"Kagua, karani."