Posa ya Muuza Santuri

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni, na mwenye kunikuta hudhani umri umeshanipanda kichwani. Ni Jumamosi niliyotolewa nyumbani kwa lazima, nikavushwa mto Thames kwenda kumtazama mwanamme ambaye nilikwisha kumkataa. Kaa nikuhadithie. Hiyo simu iweke kando kidogo, nayo nitaifikia.

Kwanza unijue nilivyokuwa. Kutoka nyumbani sikuwahi kupenda, hata kabla magoti hayajanipa hoja. Nilikuja London mwanzo wa miaka ya tisini, nimemaliza sekondari Unguja, nikakaa kwa mjomba wangu Khamis na mkewe Bi Zuwena, katika fleti ya kaunsili, ya baraza la mji, huko Tottenham. Kazi yangu kushona mapazia, humo humo ndani; watu wakileta vitambaa, wakija kuchukua. Wenzangu waliujua mji mzima. Mie nilijua njia ya dukani na njia ya kurudi, na ya kurudi ndiyo niliyoipenda zaidi. Lakini usidhani habari zilinipita. Sikio halilali njaa, walisema wazee. Tulikuwa na simu ya waya ukumbini, na kwa simu ile niliujua uchumba na ugomvi wa kila Mzanzibari wa London bila ya kuvaa kiatu.

Basi ikaja posa. Jumatano jioni walifika wazee kutoka Lewisham, ng'ambo ya mto, wakala, wakasifu mchuzi, wakazunguka na maneno ya hali ya hewa, mwisho wakasema wana kijana wao, Suleiman, asili yao Pemba, ameniona kwenye maulidi na ameniulizia. Mjomba akawaambia warudi Jumapili baada ya Adhuhuri wapate jibu. Na tulijua kuwa mama wa kijana hapendi kungoja; tukisema hapana, wiki ile ile atabisha mlango mwengine.

Unazijua desturi zetu. Posa ikiingia, watu huulizwa. Kijana anaswali? Ana kazi? Mamake ana ulimi gani? Bi Zuwena akakaa kwenye simu, na mie nikambana ubavuni, wanawake wawili tunagombania chombo kimoja cha kusikilizia.

Habari ya kwanza ilikuwa nyepesi: kijana anauza santuri sokoni, zile ndogo za wimbo mmoja upande huu na mmoja upande wa pili, nyimbo za Waingereza za miaka ya sabini. Ya pili, kwamba hana haraka ya maisha. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae chini. Alionekana msikitini, safu ya mbele, bega na shavu vinameremeta. Mametameta, ya fedha. Mtoa habari hakusema anajipaka, alisema tu, "Mimi simo, lakini macho ninayo." Hadi kufika Alhamisi habari ilikuwa imeshavaa raizoni, vile viatu vya soli nene, na kwenda dansini. Hata mama mmoja wa Stanmore, mteja wangu wa mapazia, Mhindi wa Mombasa ambaye huyo Suleiman hamjui kwa sura wala kwa kivuli, alinipigia kunipa pole.

Nikasema lisemwalo lipo. Nami nikwambie siri, mwanangu: sikuhuzunika hata kidogo. Mtu wa nyumbani akiletewa sababu ya kubaki nyumbani, huipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa nilimwendea mjomba, anakunywa chai.

"Mjomba, mie simtaki."

"Umemwona?"

"Sikumwona. Nimesikia."

"Umemsikia yeye?"

"Nimewasikia watu."

"Aa," akasema, akakiweka kikombe. "Basi umeposwa na watu."

Bi Zuwena akacheka mpaka akakohoa. Mjomba hakucheka. Aliingia chumbani, tukasikia kabati likilia, akatoka na bunda la magazeti yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Yalikuwa magazeti ya muziki, ya kila wiki, ya miaka ya sabini, wakati yeye mwenyewe alipofika mji huu, kijana mwenye nywele za afro na suruali za bugaluu zilizopanuka miguuni, nguo ambazo nyumbani zingemtia matatani.

"Tena anaanza," Bi Zuwena akaninong'oneza. "Mimi nimeolewa juu ya magazeti haya."

Mjomba akaniambia kwamba enzi zile zilizuka bendi za wanaume waliojipaka mametameta mashavuni, wakavaa buti za kisigino kirefu hata mlangoni huinama, wakapiga roki ambayo mguu hauombi ruhusa kuicheza. Waingereza waliuita muziki huo glam. Yeye alikuwa akiosha masufuria katika jiko la hoteli. Jumamosi moja akanunua santuri ya bendi moja ya namna hiyo, akaipiga chumbani mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta, akaipiga tena polepole. Alisema wimbo ule ulimwondolea baridi ya mwaka mzima. Kipendacho moyo ni dawa.

Wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko, mwenzake akafungua gazeti la muziki akasoma kwa sauti. Mwandishi aliiponda santuri ile bila huruma. Alisema ni kelele za watoto, na hao wanaume ni mafundi uashi waliovamia kabati za mama zao, mwakani hakuna atakayewakumbuka. Jiko zima likacheka.

"Na mie nikacheka," mjomba akasema. "Nikasema kweli, upuuzi mtupu. Nikarudi nyumbani nikampa santuri jirani. Kisha nikawa nanunua zile linazozisifu gazeti. Nyimbo ndefu, mwanangu, kama hotuba ya mkutano wa hadhara. Unaanza kuusikiliza mmoja una njaa, unakwisha ushakula na kulala."

Akapekua mpaka gazeti la chini kabisa, la miaka mingi baadaye, akalifungua mbele yangu. Ukurasa wa mbele walikuwapo wale wale waashi wa mashavu ya fedha, na gazeti lile lile likiwaita mabingwa wa zama zao.

"Halikuniomba radhi," mjomba akasema. "Na kwa nini liniombe? Kazi yao kusema, wamesema. Jana walisema hivi, leo hivi. Mie ndiye niliyewakodisha masikio yangu. Kesho vaa koti. Twende Lewisham."

Nikasema nina pazia la mtu. Akasema pazia halina posa.

Dini yenyewe imeruhusu, mwanangu, mposaji na mposwa watazamane, maadamu mtu wako yupo. Kwa hiyo hatukuwa tunafanya la aibu. Aibu ilikuwa miguu yangu. Tuliingia treni ya chini ya ardhi, Victoria line, tukabadili, tukapanda treni ya kuvuka mto, nami njia nzima naikumbuka sufuria niliyodhani sikuizima moto. Tulipofika sokoni nikamwambia mjomba atangulie. Mie nikajificha kwenye meza ya pili, nyuma ya makoti ya mtumba yaliyotundikwa, nikatoa jicho baina ya mikono miwili ya koti la mtu mnene.

Ndipo nikamwona. Alikuwa anateremsha vitu vyake kutoka kwenye gari. Masanduku ya santuri, gramafoni ya betri, bunda la magazeti kama ya mjomba. Mwisho akatoa buti za raizoni, za zamani, zimepakwa mametameta ya fedha kisigino mpaka goti, akazikumbatia kifuani kama mtoto mchanga asije akamwamsha. Akaziweka juu ya meza. Na alipogeuka, mwanangu, kifua chake, bega na shavu lake la kulia viliwaka kwenye jua kama samaki.

Nilicheka hata mwenye makoti akaniuliza kama nimeshachagua.

"Shikamoo mzee," nikamsikia Suleiman akimwambia mjomba.

"Marahaba. Buti hizi kiasi gani?"

"Haziuzwi, mzee. Zinaniitia wateja. Mie mwenyewe nikiita hawaji."

"Na hayo yanayokumeremeta?"

Akajifuta shavu kwa kiganja, na kiganja kilikuwa kibaya zaidi ya shavu. "Haya hayatoki. Kila Jumamosi mchana nakimbilia msikitini kutoka hapa hapa. Juzi mtu kaniuliza nimetoka harusi ya nani."

Mjomba akageuka kwenye makoti bila hata kuinua sauti. "Njoo, mwanangu. Hilo koti halikufai, pana mno."

Nikatoka. Suleiman akaniangalia, akamwangalia mjomba, akafahamu. Akafunga kifuniko cha sanduku, akakifungua, akakifunga tena. Mjomba akamhurumia, akaanza kumwuliza habari za wimbo ule aliomgawia jirani enzi zile. Kijana akasema hana, uliwahi kupita kwake mmoja ukiwa umekwaruzwa vibaya. Hakujaribu kumbandikia mwengine unaofanana. Hilo nililiweka moyoni. Lakini mimi na ulimi wangu hatukuja Lewisham kunyamaza.

"Katika hizi," nikasema, "ipi nzuri?"

"Sijui."

"Muuzaji gani hajui?"

"Ninayoipenda naijua. Lakini nikikutajia, utaisikia kwa masikio yangu." Akachomoa moja, akaifuta kwa ncha ya shati, akaiweka kwenye gramafoni. "Sikiliza, kisha wewe ndiye utaniambia."

Nisikudanganye, mwanangu. Ningependa nikwambie kuwa moyo wangu ulipaa. Ngoma zilipiga kama mtu anateremsha ngazi na kabati, na bwana mmoja anapiga mayowe juu yake.

"Huu makelele," nikasema.

Mjomba akafumba macho. Najua aliona posa inaondoka na treni ya kurudi. Mwanamme mwengine angenifafanulia wimbo ule mpaka Magharibi, nani kapiga gitaa, kwa nini sikuufahamu, gazeti gani liliusifu. Suleiman alicheka, akainua sindano.

"Kweli una makelele," akasema. "Mie ndiyo naupendea hayo. Ngoja tutafute mwengine."

Akatafuta. Wa pili nao nikaukataa, safari hii kwa makusudi, kumpima. Akatafuta tena, wala sura haikubadilika. Kwenye wa tatu sikusema kitu, lakini kiatu changu cha kulia kilikuwa kikigonga lami, na aliyekiona kwanza ni mjomba.

Nikaona na mengine, maana macho yalikuwa yameshafunguka. Kwamba hana haraka ya maisha, ni kweli tupu. Muda wote tuliosimama pale wateja walikuwa wakisikiliza bure hata wakachoka, na aliuza santuri moja tu. Mpaka leo nikimtuma maziwa, chai hupoa. Walioianza habari hawakusema uwongo, mwanangu, na hapo ndipo penye mtego. Walisema kweli kuhusu bega, hawakuwahi kuziona buti.

Jumapili baada ya Adhuhuri wazee wa Lewisham walirudi, wakakaa ukumbini. Mjomba akaja mlango wa jikoni kuniuliza. Kwa desturi, msichana hunyamaza na kimya chake kikawa ndiyo. Bi Zuwena akanikanyaga mguu kunikumbusha. Lakini siku zile zote nilikuwa nimewaachia wengine wanisemee, na nilihofia hata kimya changu kitapata wa kukieleza.

"Namtaka," nikasema.

Mjomba akaniangalia kidogo. "Nani kakwambia?"

"Miye."

Akarudi ukumbini, nikasikia Fatiha inasomwa. Haikwisha vizuri, simu ikalia. Ni yule mama wa Stanmore, ana habari mpya juu ya kijana, mbaya kuliko ya kwanza, amepewa na mtu mwaminifu sana. Nikamshukuru, nikamwambia mapazia yake yako tayari, na kwamba kijana nimekwenda kumwona mwenyewe.  Akauliza kwa sauti ndogo, "Na yukoje?"

Basi sasa hiyo simu yako. Nakuona, mwanangu. Huingii mkahawani mpaka uhesabu nyota walizoutia watu usiowajua, huusikilizi wimbo mpaka uone wangapi wameupenda, na mtu akitajwa unamtafuta humo kabla hujamwambia hujambo. Sikucheki. Mimi nilifanya hayo hayo kwa waya. Wala sikukatazi kuuliza. Posa bila ya kuuliza ni upofu, na walionionya walinitakia heri. Ninalokuusia ni hili: habari za watu zikuelekeze mlango wa kubisha, zisibishe kwa niaba yako. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hujui vile vile kama kunguni wapo. Ukishafika, sikiliza mwenyewe. Kikikuchukiza sema kinakuchukiza, hata kama mji mzima unapiga makofi. Ukikipenda, usikigawe kwa jirani kwa sababu jiko zima limecheka. Na umtazame sana mtu unapomwambia hapana, maana neno ndiyo kila mtu anajua kulipokea.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe masikio yasiyokodishwa, akupe miguu myepesi hata siku ya baridi, akukutanishe na wa kheri uso kwa uso, na kila utokako akurudishe nyumbani salama. Amin.